Mshale wa joto ulikuwa unasema ukweli

Siku hizi hapa Uvira watu wananisimamisha njiani kuniuliza maswali ya gari kuliko maswali ya habari. Wanaijua sauti yangu kutoka redioni, kisha wananiona mbele ya parsele yetu, kifuniko cha motere kimefunguliwa tangu asubuhi, mikono myeusi, na wanadhani nimebadilisha kazi. Swali linalorudi ni moja: "Ralanti iko juu, haishuki, na mishale ya tablo haieleweki. Tufanye namna gani?" Wengi wanaouliza ni wahami walioshuka kutoka Bukavu, Nyangezi na Kamanyola na gari kuukuu, na kwa baadhi yao gari hiyo ndiyo mali ya mwisho waliyobaki nayo. Ndiyo maana naandika hapa yale tuliyoyafanya nyumbani, kwa ajili ya yule asiye na pesa ya kwenda garaje mara tatu kwa tatizo moja.

Gari ninayoizungumzia ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile yenye usukani kuume kama ilivyotoka Japani. Motere yake inaitwa 4A-FE: lita 1.6, silinda 4, inatumia enjeksio, haina karbirateri. Ni ya muyomba wangu, mwalimu. Alishuka nayo kutoka Bukavu mwezi wa pili 2025, siku zile ambazo mji ulikuwa unabadilisha mikono. Walikuwa watu 8 ndani, magodoro juu, mbuzi mmoja nyuma. Walipita Nyangezi, wakashuka mlima Ngomo, wakafika Kamanyola, wakafuata bonde la Ruzizi mpaka kwetu. Tangu siku hiyo gari inalala hapa, na imekuwa gari ya avenue nzima. Mgonjwa akizidiwa usiku, wanakuja kugonga kwetu. Mama akishikwa na uchungu, wanakuja kugonga kwetu.

Lakini gari yenyewe ilikuwa mgonjwa. Asubuhi ukiiwasha, motere inapiga kelele kama mtu anaikanyaga, na hata baada ya nusu saa haitulii. Baadaye, ikishapata joto kidogo, inaanza kupanda na kushuka peke yake: vuuu, inashuka, vuuu, inashuka. Ukisimama ghafla inaweza kuzimika. Moshi ulikuwa na harufu ya esanse mbichi, na buji tulizozitoa zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kwenye herufi C, haunyanyuki. Mshale wa esanse ndio ulikuwa kichekesho. Ukiwasha taa unahama, ukizima taa unarudi.

Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka mama mmoja mhami kujifungua. Tulipofika kwenye barieri nikafanya kama wote tunavyofanya, nikazima taa kubwa, nikawasha taa ya ndani ili tuonekane nyuso, nikapunguza mwendo. Motere ikazimika hapo hapo, mita chache kabla ya kamba. Askari akaja na toshi na bunduki, akauliza sababu gani tumesimama mbali. Gari ilikataa kuwaka mara mbili. Mama anaugua nyuma, shangazi yake anamwomba Mungu kwa sauti, na mimi ninaeleza juu ya ralanti kwa mtu ambaye hana haja ya kujua ralanti ni nini. Mara ya tatu ikawaka. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri, lakini muyomba aliposikia habari hiyo alisema maneno mafupi: "Mutoto wangu, gari hii itakuja kutuua. Tuiuze."

Mnunuzi alikuwapo tayari. Wanunuzi wa namna hiyo hawakosi mahali penye wahami. Alikuwa amepita mara mbili, amesikiliza motere, ametikisa kichwa, amesema kilasi imekwisha na kwamba anaweza kuichukua kama vyuma. Bei aliyotaja ingetosha chakula cha familia kwa muda wa miezi miwili, labda mitatu kwa kubana. Na garaje moja ya hapa mjini ilikuwa imesema karibu maneno yale yale: kufungua motere yote. Juu ya mishale walisema tusiihesabu, gari za miaka hiyo mishale yake imekufa zamani.

Nilizoea kazini kwamba shahidi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Nikamtafuta fundi mzee mmoja, naye pia mhami, ambaye anaishi kwa ndugu zake huku juu kwetu na alifanya kazi ya Toyota kwa muda mrefu huko Bukavu. Alikuja na mfuko mdogo tu: bisibisi, funguo za 10 na 12, taa ndogo yenye waya mbili, na kipande cha tiyo ya mpira. Hakuanza na motere. Aliingia ndani akawasha taa, akazima, akawasha vipangusio vya kioo, akawa anaangalia tablo tu.

"Unaona mishale miwili inacheza pamoja?" akaniuliza.

Niliona. Ule wa esanse ulihama sana, ule wa joto uliruka kidogo, lakini kwa wakati mmoja.

"Basi usitafute makosa mawili. Tafuta mahali wanapokutana."

Mahali wanapokutana ni masi, yaani waya inayorudisha umeme kwenye bati la gari. Kila kitu cha umeme kwenye gari kinahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, umeme wa taa na umeme wa mishale unasukumana kwenye mlango mmoja mwembamba, na mishale inaanza kusema uongo kila unapobonyeza kitu. Alilegeza tablo, akafuata waya mpaka kwenye skurubu iliyoifunga kwenye chuma chini ya usukani. Ilikuwa imefunikwa na rangi ya kijani, ile kutu ya shaba. Tuliikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaikaza tena. Tulifanya vile vile kwa masi kubwa inayotoka kwenye batri kwenda kwenye motere. Kazi ya saa moja, hatukununua kitu. Tukawasha taa: mishale haikutikisika tena.

Lakini mshale wa joto ulibaki chini kwenye C. Sasa ulikuwa umetulia, na umetulia chini.

Hapa ndipo watu wengi wanasema mshale umekufa. Kuna njia rahisi ya kujua, na mtu yeyote anaweza kuifanya. Kwenye motere hii kuna vipimo viwili vya joto la maji, watu wanavichanganya. Kimoja kina waya moja tu, hicho ndicho kinachosema na mshale. Kingine kina waya mbili, hicho kinasema na kompyuta ya gari, dereva hakioni popote. Chukua kile cha waya moja. Weka ufunguo kwenye kontakti bila kuwasha motere. Chomoa waya: mshale unapaswa kulala chini kabisa. Kisha gusisha ncha ya waya hiyo kwenye chuma cha motere, kwa kupitia taa ndogo kama fundi alivyofanya ili usiumize tablo, na usikawie: mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Wa kwetu ulipanda vizuri. Kwa hiyo mshale ni mzima, waya ni nzima. Zimebaki njia mbili tu. Ama kipimo chenyewe kimekufa, ama maji ya motere kweli ni baridi.

Fundi akaniambia niwashe motere, kisha niweke mkono kwenye radiatere tangu dakika ya kwanza. Gari yenye afya, radiatere inabaki baridi kwa dakika kadhaa, maana maji yanazunguka ndani ya motere peke yake mpaka yapate joto. Baada ya hapo mlango unafunguka na radiatere inapata joto. Radiatere yetu ilianza kuwa vuguvugu pamoja na motere, pole pole, tangu mwanzo. Maana yake mlango haukuwapo.

Mlango huo unaitwa termosta. Tulifungua nati mbili za kikopo cha chuma ambamo tiyo ya maji inaingia kwenye motere, na ndani mlikuwa mtupu. Mtu aliitoa, hatujui lini, pengine hata kabla muyomba hajainunua gari. Mafundi wengi wa kwetu wanafanya hivyo. Gari ikichemka kwenye kupanda, wanatoa termosta, wanasema sasa maji yatapita vizuri. Ninaelewa wanakotoka. Ukiwa na mteja amekwama Ngomo, moshi unatoka, jua linazama na njia haina usalama, unafanya kitu kitakachomwondoa pale. Lakini dawa ya jioni moja inakuwa ugonjwa wa miaka. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vyenyewe vinaonya kwamba termosta isitolewe hata kama motere inapenda kuchemka.

Angalieni sasa namna jambo hili linavyofunga habari yote. Termosta ya motere hii inaanza kufunguka karibu na digri 82. Bila hiyo, maji yanakwenda kwenye radiatere kila wakati, na motere haipati joto lake. Kipimo cha waya mbili kinaiambia kompyuta: bado tuko baridi. Kompyuta inafanya kazi yake kwa uaminifu. Motere baridi inataka esanse nyingi na ralanti ya juu, kama vile mtu wa homa anavyotaka blanketi. Kwa hiyo inaongeza esanse, inainua ralanti, na inangoja joto ambalo halitakuja. Moshi wenye harufu, buji nyeusi, ralanti ya asubuhi isiyoshuka, esanse inayokwisha haraka, vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye ule mshale uliolala kwenye C. Ulikuwa unasema ukweli kila siku, na sote tulikuwa tumeshauzoea.

Mtu atauliza kwa nini taa ya motere kwenye tablo haikuwaka. Nasi tuliuliza. Chini ya kifuniko cha motere kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua, ndani ya kifuniko chake kuna majina ya matundu. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, hayo mawili tu, si mengine, kisha unaweka kontakti. Taa ya motere inaanza kumetameta, na kuhesabu kumetameta kwake ndiko kusoma kosa. 22 kwa mfano ni kipimo cha joto la maji kwa ajili ya kompyuta. Yetu ilimetameta sawasawa bila kupumzika, yaani hakuna kosa. Kwa kompyuta, maji baridi si kosa. Ni habari tu.

Termosta mpya ilitoka Bujumbura kwa mkono wa dereva mmoja. Fundi alikataa kuifunga bila kuijaribu, maana vipuri vya bandia ni vingi. Jaribio lake linafanyika jikoni. Unachukua uzi, unaubana kwenye mlango wa termosta, unaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula. Maji yakikaribia kuchemka, mlango unafunguka, uzi unaachia, termosta inaanguka chini ya sufuria. Ikiwa maji yanachemka kabisa na bado imeshikilia uzi, irudishie aliyekuuzia. Yetu iliachia mapema, vizuri kabisa, mbele ya watoto wote wa parsele waliokuja kutazama. Mke wa muyomba alikuja kuona sababu gani bugali imechelewa, akakuta chuma cha gari ndani ya sufuria yake. Sitaandika alichosema. Tulimnunulia sufuria nyingine.

Kuifunga kuna mambo mawili ya kukumbuka. Termosta ina kivalvu kidogo kinachotikisika, hicho kinakaa upande wa juu ili hewa itoke. Na ukishajaza maji, jaza pole pole, washa motere ikiwa baridi bila kifuniko cha radiatere, bonyeza bonyeza tiyo, ongeza maji kadiri yanavyoshuka. Hewa ikibaki ndani, ralanti itacheza tena na utadhani kazi yote ilikuwa bure, kwa sababu maji hayo hayo yanapita pia chini ya kile kikopo cha hewa kinachoongoza ralanti. Na gari ikiwa ya moto, kifuniko cha radiatere hakiguswi. Hili ninalirudia redioni kila mara na nitalirudia hapa. Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, kule maji yasiyofunikwa yanachemka kwenye digri 95 hivi. Kifuniko kinayabana yasichemke. Ukikifungua, yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako.

Lakini kulikuwa na sababu iliyofanya gari ichemke hapo zamani, na sababu hiyo ilikuwa bado ndani. Tulijua kwamba tukirudisha termosta bila kuitafuta, siku ya kupanda Ngomo tungerudi palepale. Motere ilipopata joto lake, fundi alipitisha kiganja mbele ya radiatere kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Katikati palikuwa moto, na sehemu kubwa ya upande wa kushoto ilikuwa karibu baridi. Maji hayapiti pale. Miaka mingi ya kujaza maji ya mto na ya ziwa, na udongo wake na kutu yake. Tuliitoa, tukaigeuza, tukapitisha maji kinyumenyume kwa tiyo ya bustani mpaka matope mekundu yakaisha. Haikuwa mpya baada ya hapo, lakini kiganja kilikuta joto karibu kila mahali. Na kilasi je, ile iliyokwisha? Mafuta ya motere hayakuwa na rangi ya maziwa, maji ya radiatere hayakuwa na mapovu motere ikifanya kazi, wala hayakupungua wiki nzima. Kilasi ilikuwa nzima. Nilimwambia muyomba habari hiyo kabla ya nyingine zote.

Mshale wa joto ulipanda sasa mpaka karibu katikati na ukabaki pale. Ralanti ya asubuhi ilikuwa juu, kisha baada ya dakika chache ikashuka kama inavyotakiwa. Ila ile vuuu ya kupanda na kushuka ilibaki, hafifu kuliko kwanza. Hili lilikuwa kosa lingine, na lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza.

Kipande cha tiyo cha fundi kilikuwa kwa ajili hiyo. Unaweka ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza karibu na mipira yote inayoingia kwenye motere, mbali na feni na mikanda. Mahali penye tundu utasikia inavuta pumzi: sssss. Mimi ambaye maisha yangu ni kusikiliza, kazi hii niliipenda. Tundu lilikuwa chini ya mpira unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha motere, upande ambao jicho halifiki. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka. Hewa ikiingia kwa njia ya wizi namna hiyo, motere inapanda. Kompyuta inaona hakuna mtu anayekanyaga lakini motere inakimbia, inakata esanse. Motere inashuka, inakaribia kuzimika, esanse inarudi. Ndiyo ile vuuu, na ndiyo iliyotuzima pale barierini. Kuna wanaotafuta tundu kwa kunyunyizia esanse juu ya motere inayowaka. Msifanye hivyo, tafadhali. Kituo cha afya kina kazi ya kutosha.

Baada ya kubadilisha mpira, tulisafisha kile kikopo cha hewa chenye kipepeo ndani. Motere baridi, waya ya batri imetolewa, mbabula ya jirani imehamishwa, kitambaa chenye dawa ya kusafishia karbirateri. Uchafu mweusi ulikuwa umejaa pembeni mwa kipepeo. Tulikuta pia alama za bisibisi kwenye skurubu za kurekebisha, mtu alikuwa amejaribu kushusha ralanti kwa nguvu. Fundi anasema skurubu hizo ziwe za mwisho kuguswa, baada ya joto, baada ya hewa, baada ya umeme. Nami nakubaliana naye, kwa sababu ukishazikoroga huna tena mahali pa kuanzia.

Corolla yetu haina mshale wa mizunguko, kwa hiyo tulikuwa tunabishana: imeshuka, haijashuka. Nikakumbuka kwamba niko na kinasa sauti. Nilinasa motere karibu na ekzosi kabla ya kazi na baada ya kazi, nikafungua sauti hizo kwenye programu ile ile tunayokatia mahojiano. Ukiikuza picha ya sauti unaona vilele, kila kilele ni silinda moja imepiga. Motere ya silinda 4 inapiga mara 2 kwa kila mzunguko, hivyo hesabu vilele vya sekunde moja, zidisha kwa 30, utapata mizunguko ya dakika. Ile ya zamani ilikuwa na vilele 48, yaani mizunguko 1,440. Ile mpya ina vilele 26, yaani 780, karibu kabisa na inavyotakiwa. Fundi alitazama ile picha kwa muda, akacheka, akasema miaka yake yote amefanya hesabu hiyo kwa sikio.

Umebaki mshale wa esanse, na kwa familia zinazotusoma huenda huu ndio wenye uzito zaidi. Mtu anayeambiwa usiku ajiandae kuondoka anahitaji kujua kama atafika Makobola tu au atafika Baraka. Masi ilikwisha kutengenezwa, mshale umetulia, lakini kutulia hakutoshi kuaminiwa. Tuliamua kuupima. Tuliacha tanki iishe kabisa, mbele ya nyumba, si barabarani. Kisha tukaweka esanse ya kadafi lita 5 kwa lita 5, tukiipima kwa kopo letu sisi, kwa sababu chupa za barabarani hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Kila baada ya lita 5 tunaweka kontakti, tunangoja mshale utulie, tunaandika alama kwenye karatasi. Karatasi hiyo iko sasa kwenye sanduku la mbele. Inaonyesha kwamba mshale ukigusa E tuna bado kama lita 6, na kwamba nusu ya chini inakimbia haraka kuliko nusu ya juu. Gari yako itakuwa na karatasi yake, usitumie ya kwetu.

Lita 20 zilizokuwa zinatupeleka kilomita 150 hapa mjini, sasa zinatupeleka karibu 210. Tofauti hiyo, kwa bei ya esanse ya siku hizi, mke wa muyomba aliihesabu kabla yangu, akaigawa mara moja: unga, sabuni, na minerval ya mtoto wa mwisho.

Mnunuzi alirudi wiki iliyopita. Muyomba alimpa kiti, akawasha motere, akamwachia aisikilize. Yule bwana akaongeza bei mara tatu. Muyomba akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani.

Bado feni ya radiatere inachelewa kuwaka tukisimama kwenye joto la mchana, na tunaishughulikia Jumamosi hii, fundi akipata nafasi. Wenye karbirateri, makosa yenu ni mengine na dawa zake ni nyingine. Fundi amekubali kuja studio kuyaeleza, andaeni maswali. Anayetaka kumwona kabla ya hapo anaweza kuuliza redioni, tutampeleka. Halipishi kusikiliza.